Dakika Kumi na Moja za Tunu

Sikudhani Pazi alikwisha kumuua Tunu mara moja, kisha akamfufua kwa sababu ya barua.

Alimuua kihalali kabisa. Katika rasimu ya kwanza ya sura ya thelathini na moja, Kapteni Tunu aliingia nyuma ya ngao ya jiko la nyuklia la chombo chake cha angani, akazungusha kwa mkono gurudumu la vali iliyogoma, akawaokoa wenzake wawili, na siku ya sita akafa, kama ambavyo angekufa mtu yeyote aliyekaa huko dakika kumi na moja. Tatizo ni kwamba Sikudhani hakujua kuficha jambo. Ijumaa iliyotangulia alikuwa ameimalizia sura ya thelathini kwa namna iliyowatia wasomaji baridi, na kabla ya Jumapili barua zikaanza kumiminika kutoka kila chimbo la sayari ndogo ya Seresi na kila chombo kilichokuwa njiani. Tafadhali usimuue. Mpishi mmoja alitishia kugoma. Mzee mmoja wa idara ya barafu aliandika kwamba amekwisha kuzika wake wawili, hana nguvu ya kuzika wa tatu. Sikudhani alicheka, akalia kidogo, akarudi mezani. Aliongeza sentensi mbili kuhusu tangi la barafu lililoikinga mionzi, na Tunu akatoka nyuma ya ngao akiwa hai, nywele zimempukutika, anaomba chai.

Huo ndio uongo pekee uliokuwemo katika riwaya nzima, na alidhani hakuna aliyeujua ila yeye.

Maana vyomboni kulikuwa na desturi. Kwenye mlo wa Ijumaa mtu mmoja husoma sura mpya kwa sauti, na mwingine hukaa na mwongozo wa mafundi mapajani akitafuta kosa. Mchezo huo waliuita Kumkamata Pazi. Ukimkamata mwandishi amekosea kipimo cha bomba au idadi ya skrubu, unamwandikia, naye hana budi kumpa mhusika anayefuata jina lako. Miaka miwili ilipita bila mtu kumkamata. Sikudhani alikuwa fundi wa majiko ya nyuklia kwa miaka kumi na mmoja kabla mgongo haujamwangusha, na hata sasa aliandika jioni tu; asubuhi alikuwa karakana akichonga mipira ya kuzibia mabomba. Watu walimwamini kuliko walivyouamini mwongozo wenyewe, kwa sababu mwongozo uliandikwa duniani na watu ambao hawakuwahi kuunguzwa na jiko.

Aliyejitahidi kumkamata kuliko wote alikuwa Minza Maganga, fundi wa chombo kiitwacho Tausi. Minza alikuwa Msukuma na Sikudhani Mzaramo, kwa hiyo walikuwa watani kabla hata hawajafahamiana, na kuhamia angani hakukubadili kitu. Hawakuwahi kuonana ana kwa ana. Barua zao zilikuwa matusi tangu salamu hadi sahihi. "We mla michembe ya viazi," Sikudhani angeanza, "umeshiba leo, au umeanza kutafuna skrubu?" Naye Minza angejibu: "Wazaramo mliuza viwanja vyote kule duniani ili mkacheze mdundiko, sasa mmekuja kutuuzia nyota." Barua hizo Sikudhani alizisoma mara mbili mbili, akazihifadhi kwenye kopo la majani ya chai.

*

Ijumaa moja, sura ile ikiwa imekwisha kusomwa kote, saa saba na nusu mchana, kipaza sauti cha karakana kilimwita kwa jina lake kamili. Aende chumba cha mawasiliano, mara moja.

Alikwenda na mikono yake ya grisi. Kwenye Seresi mtu akikimbia ovyo anapaa na kugonga dari, kwa hiyo alikwenda kwa ile mikogo ya kuvuta miguu ambayo wageni huichekelea, akijiuliza amekosa nini. Alimkuta Bi Theopista Rweyongeza peke yake. Huyu ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa safari, mama wa Kihaya mrefu, mpole wa sauti, ambaye hakuna aliyewahi kumwona amelegeza kifungo cha shingoni. Leo kifungo kilikuwa wazi.

"Keti, binti Pazi."

"Nina grisi, Bi mkubwa."

"Keti hivyohivyo. Kuna ujumbe wa Tausi nataka uusikie."

Sauti iliyotoka ilikuwa ya nahodha Makame Haji, mzee wa Kiunguja mwenye miaka sitini na mmoja, aliyekuwa akiongea taratibu kama mtu anayeagiza samaki.

"Assalaam aleikum, Seresi. Hali zetu bado si mbaya. Vali ya kupoozea imegoma na mota yake imeungua, na joto la jiko lapanda. Kwa hesabu zetu tuna saa moja na nusu, haizidi. Lakini n'nakuombeni msitie hofu, dawa tunayo. Minza ataingia nyuma ya ngao aizungushe vali kwa mkono, vile vile alivyofanya Tunu. Tumepima: yataka dakika kumi na moja, sawasawa na kitabuni. Mimi na Lwanda tabibu tulitaka tumsaidie, hataki. Asema atatufungia lango kwa nje tusimfuate, kama Tunu alivyowafungia wenziwe."

Hapo sauti ya mzee ilitetemeka kidogo, lakini ilikuwa tetemeko la fahari. Ukurasa ule wa lango ndio uliopendwa kuliko kurasa zote; watu waliuchapa na kuubandika juu ya vitanda vyao.

"Jibu lenu la maandishi limetufikia, ahsanteni sana," aliendelea nahodha. "Ila Minza amekuwa mbishi. Asema hendi mpaka amsikie mwandishi kwa sauti yake mwenyewe. Basi bibie, kama upo, tuambie. Tunangoja mpaka saa nane na nusu. Hapo tena hatuwezi kungoja."

Ujumbe ukaisha.

"Hakuna dakika kumi na moja," alisema Sikudhani. "Bi Theopista, kule kupona kwa Tunu nilikutunga. Nilikuwepo yadi ya vyombo siku fundi mmoja alipokaa dakika nne na nusu. Tulimzika siku ya sita. Waliokaa tatu na nusu walitapika mwezi mzima, wakapona. Kumi na moja hakuna mtu. Hakuna!"

"Najua."

"Unajua?"

"Nimekuwa kwenye kazi hii miaka thelathini. Najua."

Ndipo neno moja la nahodha lilipomrudia, likamchoma. "Jibu gani la maandishi?" aliuliza. "Mimi sijaandika jibu lolote."

Bi Theopista aligeuza skrini. Ilikuwa sentensi moja, imetumwa saa saba na dakika tano: *Ndugu Minza, nathibitisha kuwa vipimo vya sura ya thelathini na moja ni vya kweli. Sikudhani Pazi.*

Sikudhani aliisoma mara tatu. Jina lake lilikaa pale chini, safi, halina hata doa la grisi. Alisimama, akashika ukingo wa meza.

"Umemuua kwa jina langu," alisema.

*

"Nimewaokoa wawili kwa jina lako," alisema Bi Theopista. Hakupandisha sauti. "Nisikilize kwanza, kisha unitukane. Vali isipozungushwa, jiko litayeyuka na wote watatu watakufa. Hilo halina shaka. Akiingia mmoja, watapona wawili. Lakini sheria hainiruhusu kumwamuru mtu afe, na hata ingeniruhusu nisingeweza. Mtu akiambiwa dakika ya nne itakuua, mkono utamlegea dakika ya tatu. Ataiacha vali nusu. Watakufa watatu badala ya mmoja. Lakini huyu binti haogopi. Unajua kwa nini haogopi? Kwa sababu yako. Umempa kitu ambacho mimi na mwongozo wangu wote hatukumpa."

"Nimempa uongo."

"Umempa Tunu." Bi Theopista alijaribu kukifunga kile kifungo cha shingo, vidole vikamshinda, akakiacha. "Hata mimi niliandika ile barua. Usimuue. Niliweka jina la bandia, nikaona haya, mtu mzima mimi. Mume wangu alipokuwa anaumwa nilikuwa namsomea Ijumaa. Nilitaka awepo mtu mmoja, mahali fulani, aingie motoni atoke. Sasa huyu naye anataka hivyo hivyo. Mwache aingie akiwa na furaha yake. Sikuombi useme uongo mrefu. Sema tu, ni kweli, Minza. Maneno matatu."

Hili ndilo lililomtisha Sikudhani kuliko yote: hesabu ilikuwa na mantiki. Wawili ni wengi kuliko mmoja. Alijikuta ameukaribia mdomo wa kinasa sauti. Alijikuta anayapanga yale maneno matatu kichwani, anachagua sauti ya kuyasemea, iwe ya uchangamfu lakini isizidi, kama anavyopanga mazungumzo ya wahusika wake. Alishtuka. Aliurudisha mkono wake kana kwamba umegusa sufuria ya moto.

Miaka miwili alikuwa akijisifu kwamba wasomaji wake wanampenda Tunu. Hakuwahi kujiuliza upendo huo ungempeleka mtu wapi siku ukimsimamisha na kumvuta mkono. Walimpenda kwa kuwa alikwenda peke yake. Nani angekumbuka jina la watu watatu? Msomaji hutaka mmoja, amshikilie huyohuyo, ahesabu naye dakika. Sikudhani alilijua hilo kama fundi anavyojua bomba lipi linabeba nini, ndiyo maana akaandika lile lango. Wenzake Tunu walikuwa wazima na wana mikono. Wangeweza kumsaidia kuanzia ukurasa wa kwanza wa ile sura. Aliwafungia ndani kwa kalamu yake, wasimharibie shujaa.

Wana mikono.

Alikumbuka ua wa bibi yake, kinu kimoja na wanawake watatu, mchi unapokewa kabla haujatua. Hakuna aliyechoka pale, au walichoka wote kwa kiasi kile kile.

"Gurudumu haliulizi nani analizungusha," alisema.

"Unasema?"

"Kumi na moja gawanya kwa tatu. Dakika tatu na sekunde arobaini kila mmoja. Wanapokezana kwenye ukingo wa ngao. Hakuna atakayefika nne."

Bi Theopista alikuwa mtu wa hesabu. Uso wake ulibadilika, ukarudi ulivyokuwa. "Wewe mwenyewe umesema waliopona walikaa tatu na nusu. Tatu na arobaini humjui aliyekaa."

"Simjui."

"Makame ana miaka sitini na mmoja. Na wakipona, watakuwa wagonjwa watatu kwenye chombo kimoja, miezi minne hawajafika bandari yoyote. Tabibu mgonjwa, nahodha mgonjwa. Unaweza ukawaua wote kwa kumhurumia mmoja. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, kwa sababu ya grisi. "Pengine wewe ndiye uliye sahihi. Lakini mkono ni wao na kifo ni chao, Bi Theopista. Waambiwe, wachague. Mimi nikishasema yale maneno matatu, nitakuwa nimemsukuma mgongoni huku nikimwimbia."

Saa ya ukutani ilisema saa saba na dakika hamsini na mbili. Sauti ilihitaji dakika kumi na mbili kufika Tausi. Kitufe cha kukata mawasiliano kilikuwa chini ya kidole cha Bi Theopista, na wote wawili walikitazama.

"Nikikufungulia mstari," alisema mkurugenzi, "atajuaje kwamba ni wewe? Amekwisha kupata jibu lenye jina lako. Ataona ofisi imetia hofu, imembana mwandishi abadilishe kauli. Mtu aliyekwisha kuamua kuwa Tunu hawezi kuachishwa kirahisi."

"Nifungulie tu. Atanijua."

Bi Theopista alifungua mstari. Kidole hakukiondoa.

*

"We Minza," alisema Sikudhani. "We Minza, mla michembe mkubwa, bichwa kama kibuyu cha maziwa, nani kakudanganya kwamba unafanana na Tunu? Tunu nilimuumba mimi, nilimpa kiuno chembamba. Wewe ukipita kwenye lango lazima wakupake mafuta."

Bi Theopista alimtazama kama mtu aliyeona chizi ameingia msibani. Lakini hakukata.

"Nisikilize, mjinga wee. Umenikamata. Miaka miwili unanitafuta, leo umenikamata. Kupona baada ya dakika kumi na moja ni uongo. Tangi la barafu halizuii kitu. Tunu alikufa. Aliingia, akazungusha, siku ya sita akafa, nimemzika mwenyewe, kisha watu wakalia nikaona nimrudishe kwa sababu napenda kupendwa. Wazaramo ndivyo tulivyo, tunapenda sherehe. Kwa hiyo umeshinda, nitampa mtu jina lako, nitampa ng'ombe, kibaya, mwenye kupe. Na ile karatasi iliyokuambia ni kweli, sikuiandika mimi."

Alivuta pumzi.

"Ukweli ni huu, na nahodha Makame na Lwanda nao wausikie. Dakika nne na nusu, mtu anakufa. Tatu na nusu, anaugua sana, anapona. Gurudumu linataka kumi na moja. Mko watatu. Kila mmoja tatu na sekunde arobaini, mpokezane kama wanaotwanga. Mnaweza kupona wote. Mnaweza kufa wote, sijui, anayesema anajua ni mwongo mwenzangu. Au aende mmoja kwa hiari yake, akijua kwamba harudi. Hayo ndiyo yaliyopo mezani. Sina lingine. Ningekuwa nalo ningelitunga."

Kitu kidogo kilibaki, nacho ndicho kilichokuwa kizito kuliko yote.

"Na wewe Minza, unajua kazi ya mtani msibani. Mtani huingia kaburini kabla ya maiti, akajilaza humo, akakataa kutoka. Basi mimi nimeshaingia. Hapa nilipo nimelala kwenye kaburi lako, nimenyoosha miguu, pazuri, pana ubaridi. Ukitaka kulala humu njoo kwanza unitoe. Uje mwenyewe, kwa miguu yako, na fimbo. Lango lile usilifunge. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kama ni kidole cha Msukuma. Nimemaliza."

Bi Theopista alikata mstari. Kidole chake kilikuwa kimeacha alama ya jasho kwenye kitufe.

*

Dakika kumi na mbili kwenda, dakika kumi na mbili kurudi. Bi Theopista alimimina chai kutoka kwenye chupa, nayo ilianguka kikombeni taratibu kama inavyoanguka kila kitu kwenye Seresi, na hakuna aliyeinywa. Wakati mmoja mkurugenzi alisema, bila kumgeukia, kwamba ile karatasi ya saa saba na dakika tano ataiingiza kwenye kumbukumbu kwa jina lake mwenyewe, hata watu wamfanye watakavyomfanya. Sikudhani aliitikia kwa kichwa. Hakuwa na nafasi ya kumchukia kwa sasa.

Saa nane na dakika kumi na tisa jibu lingeweza kuwa limefika. Halikufika. Saa nane na ishirini na tano bado. Kisha skrini ya vipimo ikacheza: lango la hewa la Tausi, lile la kuelekea kwenye jiko, limefunguliwa. Suti moja imepita. Suti ya fundi.

"Lango," alisema Sikudhani. "Litazame lango. Amelifunga?"

Taa ya lango ilikuwa ya manjano. Ikifungwa kwa nje inakuwa nyekundu. Walisubiri. Ilibaki manjano. Suti ya pili ikaonekana ndani ya mlango, ya nahodha, imesimama. Nyuma yake ya tatu.

Sikudhani aliweka kichwa mezani, akalia kwa sauti, kisha akakiinua haraka kwa sababu saa ilikuwa imeanza kuhesabu.

Dakika moja. Gurudumu halikusogea kabisa. Dakika mbili, limesogea kidogo. Alichokuwa akikitazama kilikwisha kutokea dakika kumi na mbili zilizopita, hakuna kelele wala dua ambayo ingekibadilisha, lakini midomo yake ilikuwa ikienda. Dakika tatu. Tatu na nusu. Tatu na arobaini.

Minza hakutoka.

"Toka," alisema Sikudhani. "Toka, we mwanamke. Toka!"

Dakika nne. Bi Theopista alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Nne na sekunde tano. Gurudumu sasa lilikuwa linazunguka upesi. Nne na sekunde kumi, suti ya fundi ikaondoka nyuma ya ngao, na ya nahodha ikaingia mahali pake, wala gurudumu halikusimama. Mzee Makame alitoka sekunde chache kabla ya tatu na arobaini, Lwanda akapokea. Joto la jiko lilipanda nyuzi mbili za mwisho, likasimama pale kama mtu anayefikiri, kisha likaanza kushuka.

Sauti ilikuja robo saa baadaye. Ilikuwa imekauka.

"We Mzaramo," alisema Minza. "Nilijua ile karatasi si yako. Eti Ndugu Minza! Tangu lini ukaniita ndugu? Nikawaambia hawa, huyu ama kafa ama kuna mtu kamwibia jina." Alikohoa kwa muda mrefu. Nyuma yake alisikika mtu akitapika. "Usinifokee kwa zile sekunde thelathini. Gurudumu lilikuwa limekaza, nikaona nimwachie mzee likiwa limelegea. Siyo kwa ajili ya Tunu wako. Nakuambia ili usije ukajiandikia." Akakohoa tena. "Umesema nne na nusu ndiyo ya kufa, siyo? Na tatu na nusu ni ya kupona. Sasa mimi niko katikati. Hapo katikati kuna nini, Pazi?"

Kinasa sauti kilikuwa wazi. Sikudhani, ambaye alikuwa na jibu la kila barua, alisema, "Sijui, mtani wangu. Wallahi sijui."

*

Siku ya kwanza Lwanda aliripoti kwamba wote watatu wanatapika. Siku ya tatu aliripoti kwamba yeye na nahodha wameanza kunywa maji bila kuyatapika. Hakumtaja Minza. Siku ya nne na ya tano aliripoti Makame tu, tena vipimo vya jiko pekee.

Ijumaa ikafika. Siku ya sita ilikuwa imepita jana yake, bila habari ya Minza. Haikutoka sura. Badala yake vyombo vyote na machimbo yote yalipata ukurasa mmoja wenye jina la Sikudhani, ulioeleza uongo uko wapi na ulimgharimu nani. Barua zilizokuja safari hii hakuzifungua. Alikaa kwenye chumba cha mawasiliano tangu asubuhi, kwenye kiti kile kile. Bi Theopista, aliyekuwa amekwisha kuondolewa cheo chake akingoja uamuzi wa baraza, alikuja akakaa naye, bila kuulizwa, na Sikudhani hakumfukuza.

Saa tisa na robo taa ya Tausi iliwaka.

Kwanza zilisikika pumzi tu, za mtu anayepumzika baada ya kila hatua. Kisha sauti nyembamba, isiyofanana na ile ya Ijumaa iliyopita, ikasema:

"Nywele zimekwisha zote. Lwanda anasema bado mwezi mzima wa kuogopa, nisijisifu. Lakini leo nimesimama." Pumzi. Pumzi tena. "Nasikia kuna Mzaramo kalala kaburini mwangu wiki nzima, kanijazia funza. Toka humo. Nakuja, nina fimbo."

Sikudhani aliushika mdomo wa kinasa kwa mikono miwili. Alifungua kinywa. Kwa mara ya kwanza tangu waanze utani wao, alitafuta tusi, akalikosa.